Mathenge, vumbi na moshi: kwa nini pua za kaskazini hazipati nafuu

Tukifungua laini za simu asubuhi, iwe mada ni bei ya mbuzi au mvua iliyochelewa, hakosi kupiga msikilizaji ambaye sauti yake inatokea puani. Ukimuuliza kama anaumwa, atakwambia ni homa tu, itapita. Mwezi unaofuata anapiga tena na sauti ile ile. Pua imeziba, kichwa ni kizito hasa akiinama, macho yanawasha, na usiku analala mdomo wazi mpaka koo linakauka kama ngozi iliyoanikwa juani.

Mafua ya kawaida hayakai hivyo. Yanaletwa na virusi, na kwa watu wengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Kinachokaa miezi, au kinachorudi kila msimu, mara nyingi ni mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji, au ni uvimbe wa sainasi, au vyote viwili kwa pamoja. Gharama yake tunaiona kila siku. Mbuzi anauzwa, vidonge vya antibiotiki vinanunuliwa, sindano inachomwa, pesa zinaisha, na pua inabaki pale pale. Tumeliandika jambo hili ili ulisome polepole kwenye simu yako, na umsomee mzee au mama ambaye hakukipata kipindi.

Tunaizungumzia nchi tunayoijua: Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa, Mandera na maeneo kame yanayopakana nazo.

Pua inafanya kazi gani

Hewa ikipita puani inatiwa joto na unyevu, kisha inachujwa kabla ya kufika kwenye mapafu. Ndani ya pua kuna ute mwembamba, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo vinausukuma ute kuelekea kooni ukiwa umebeba vumbi na vijidudu, nasi tunaumeza bila kujua. Sainasi nazo ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso: kwenye paji, kwenye mashavu, kati ya macho na nyuma zaidi. Kila chumba kina mlango mwembamba unaofungukia puani. Mlango huo ukivimba, ute unakwama ndani, na hapo ndipo uso unaanza kuuma na kichwa kuwa kizito.

Katika nchi kavu mashine hii inafanya kazi kwa taabu. Ute unakauka na kuwa mzito, vinyweleo vinachoka, na ngozi laini ya ndani inapasuka. Ndiyo maana watoto wengi huku hutokwa na damu puani bila kupigwa na mtu.

Hata hivyo ukavu una faida moja ambayo haitajwi. Mijini na pwani, aleji nyingi hutokana na utitiri, wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye magodoro na mazulia. Wadudu hao wanahitaji unyevu hewani, na kwenye ukavu wa kweli hawastawi. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa kufua shuka kwa maji moto kila wiki, ujue uliandikwa kwa ajili ya nyumba za mahali pengine, kwa watu wenye maji ya bomba. Yanayotusumbua sisi zaidi ni mengine matatu: vumbi, chavua na moshi. Kila moja lina chanzo chake, na moja kati ya hayo tuliletewa.

Upepo unaowasha taa na kubeba vumbi

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi mrefu ulio kama mlango wa boma. Upepo wa kutoka kusini-mashariki ukifika hapo unabanwa na kukimbia kwa nguvu. Wataalamu wa hali ya hewa wameupa jina la Turkana, na ni upepo unaojulikana duniani. Huvuma mwaka mzima, na huwa na nguvu zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Upepo huo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, ambayo iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018.

Upepo huo huo unapita juu ya ardhi iliyo wazi. Jangwa la Chalbi lilikuwa ziwa zamani. Maji yalipoondoka, chini yalibaki matope laini na chumvi, na yakikauka yanakuwa unga mwepesi kuliko unga wa ugali. Penye malisho yaliyochakaa na njia za malori, gurudumu na kwato humalizia kazi iliyoanzwa na jua. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kulichubua. Zile ndogo zaidi hupita mpaka kwenye mapafu.

Vumbi la namna hii linaweza kuifanya pua ivimbe hata kwa mtu asiye na aleji yoyote, kwa sababu linakwaruza. Tofauti hiyo ina maana kwa mfuko wako, kwani dawa ya kuzuia aleji haimsaidii sana mtu anayesumbuliwa na mkwaruzo wa vumbi peke yake. Yeye anasaidiwa na kitambaa cha kujifunika na maji ya chumvi ya kusafishia pua, ambayo tutayaeleza mbele kidogo.

Wafugaji hawakungoja kufundishwa kujifunga kitambaa usoni. Tunaongeza jambo moja tu: kitambaa kikavu chenye nyuzi zilizoachana kinazuia vumbi kubwa na kuachia lile dogo. Ukikunja leso mara mbili na kuilowesha kidogo, inafanya kazi vizuri zaidi. Mwendesha bodaboda anayeweza kupata barakoa nene ya kazi ya vumbi, ile inayobana pembeni za pua, atakuwa amejinunulia kitu cha maana kuliko miwani ya jua. Na asubuhi mapema, upepo ukiwa bado mkali, si saa ya kufagia uwanja. Nyunyiza maji kiganja kimoja kimoja kwanza, hata kama ni yale yaliyooshea vyombo.

Mti tulioletewa

Mathenge hakuna asiyeujua. Kwao asili ni Amerika ya Kati na Kusini. Nchini Kenya ulipandwa mwaka 1973 huko Bamburi, Mombasa, kufunika machimbo ya mawe. Miaka ya 1980 miradi ya kupambana na jangwa ikausambaza Baringo, Turkana na Tana River, na nia ilikuwa njema: kuni, kivuli, kuzuia upepo na kushika udongo. Mti ukashika kila kitu. Ulifunga njia za mifugo, ukaziba kingo za mito, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki serikali, wakampeleka na mbuzi asiye na meno ili majaji wajionee. Mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa magugu hatari.

Katika kelele zote hizo za meno, miiba na malisho, pua ilisahaulika. Maua ya mathenge, yale ya manjano yaliyo kama mkia wa panya, hutoa chavua, yaani ule unga wa maua. Nyuki huibeba sehemu kubwa, lakini nyingine hupeperushwa na upepo. Mimea mingi ya huku huchanua baada ya mvua kisha ikanyamaza. Mathenge una mizizi inayofika kwenye maji ya chini kabisa, kwa hiyo penye maji karibu unaweza kuchanua karibu mwaka mzima. Mtu mwenye aleji nayo hapati likizo.

Haya si mambo ya kukisia. Nchi za Ghuba nazo zilipanda miti ya jamii hiyo ili jangwa liwe kijani, na madaktari wa Kuwait wamekuta chavua yake miongoni mwa vitu vinavyowasumbua sana wagonjwa wao wa aleji. Ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi huko na kurudi wakisema pua zilikuwa zile zile hawakuwa wanadanganya.

Marekani, jimbo la Arizona, wana kisa kinachofanana na hiki. Zamani madaktari waliwatuma huko watu wenye kifua kikuu na pumu wakapumue hewa kavu ya jangwa. Wahamiaji wakafika, wakaona pako uchi mno, wakapanda miforosadi, mizeituni na nyasi kama za kwao. Baada ya miongo michache mji wa Tucson uliokuwa kimbilio la wenye vifua vibovu ukawa mji wa watu wanaopiga chafya. Miaka ya 1980 serikali ya eneo hilo ikapiga marufuku kuuza aina za miforosadi na mizeituni zinazomwaga chavua nyingi. Walichukua muda mrefu kukubali kwamba mti unaweza kuwa jambo la afya.

Sisi bado hatujafika hapo. Mjadala wetu kuhusu mathenge uko mikononi mwa watu wa misitu na mifugo: ung'olewe, uchomwe makaa, au usagwe maganda yawe chakula cha mifugo. Idara za afya za kaunti hazionekani mezani. Hatusemi kila mti ukatwe kesho. Familia nyingi sasa zinaishi kwa makaa ya mathenge, na ukiukata bila kung'oa kisiki unachipuka upya ukiwa na hasira zaidi. Tunachosema ni kwamba kuna mahali ambapo haustahili kabisa kuwepo: ukuta wa darasa, mlango wa zahanati na uwanja wa nyumba yenye mtu wa pumu. Kusafisha sehemu hizo tatu si kazi ya mradi wa mamilioni. Kijiji kinaweza kuifanya kwa siku chache kikiwa na majembe na shoka, mradi visiki vitolewe chini ya usawa wa ardhi na atakayevichoma asimame upande upepo unakotoka.

Baada ya mvua nzuri nyasi nazo huchanua, na kuna watu ambao aleji yao huanza hapo, wakati kila mtu mwingine anafurahia maziwa. Kama pua yako inaharibika wiki chache baada ya mvua kisha inatulia kiangazi, shuku nyasi na magugu. Kama inasumbua mwaka mzima lakini inapona ukienda kwa jamaa mahali pasipo na mathenge, shuku mathenge. Kipimo cha ngozi kinachotoa jibu la uhakika hakifanyiki zahanati, lakini kalenda na safari zako zinaeleza mengi. Weka alama kwenye simu siku pua inapozidi.

Moshi wa ndani ya nyumba

Hapa tutasema machache kwa sababu limeshasemwa sana, ingawa ndilo linaloua zaidi. Moshi wa kuni na makaa unalemaza vile vinyweleo vya puani na kuvimbisha milango ya sainasi, na anayeuvuta zaidi ni mama pamoja na mtoto aliye mgongoni. Wakati wa upepo watu hupikia ndani ili moto usizimwe, kwa hiyo siku za vumbi kali ndizo pia siku za moshi mwingi. Kizuizi cha mawe au cha mabati upande wa upepo, nje ya nyumba, kinamaliza sehemu kubwa ya tatizo bila kununua kitu. Kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi mdogo kuliko mbichi. Na wazee wetu, kwa heshima zote, tumbaku ndani ya nyumba yenye mtoto anayekoroma tuiache.

Jinsi ya kutofautisha

Aleji huwasha. Chafya zinakuja mfululizo, kamasi ni maji matupu, macho yanatoa machozi pande zote mbili, na hakuna homa ya mwili. Mafua huja na uchovu, koo kuuma, pengine joto kidogo, kisha huondoka.

Uvimbe wa sainasi una maumivu ya uso, kamasi nzito, harufu kupungua, na wakati mwingine meno ya juu huuma. Sehemu ambayo watu wengi hawaijui ni hii: uvimbe huo nao mara nyingi huletwa na virusi vya mafua, na kamasi kuwa ya kijani au manjano hakuthibitishi kwamba bakteria wameingia. Kwa watu wazima 100 wanaopata mafua, wanaoishia na maambukizi ya bakteria kwenye sainasi huwa 2 au chini ya hapo. Daktari huanza kuwaza bakteria iwapo dalili zimepita siku 10 bila nafuu yoyote, au mgonjwa alianza kupona kisha akaanguka tena vibaya zaidi, au ana homa kali pamoja na kamasi nzito na uso kuuma kwa siku tatu hadi nne mfululizo.

Pesa zinakopotelea

Dukani mambo huenda haraka. Mtu anaeleza kichwa kinauma na pua imeziba, anapewa vidonge vya antibiotiki vya siku mbili tatu, vile anavyoweza kulipia. Kama ni aleji au virusi, antibiotiki haifanyi lolote. Atapata nafuu kwa sababu siku zimepita, kisha ataisifia dawa. Wakati huo bakteria walio mwilini mwake wamejifunza kuishi na dawa hiyo, na siku mtoto wake akipata nimonia ya kweli, dawa iliyozoeleka inaweza isifue dafu.

Sindano inatutia wasiwasi zaidi. Kuna sindano ya steroidi inayochomwa kwenye msuli, ambayo hukausha pua kwa wiki kadhaa, na kwa sababu hiyo imepata jina zuri. Lakini steroidi hiyo inazunguka mwili mzima. Ikirudiwa kila msimu inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa na kupunguza kinga ya mwili, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, kupunguza kinga si mchezo. Ukiambiwa kuna sindano ya aleji, uliza jina lake, uliza kama ni steroidi, na uliza kama kuna ya kunyunyiza puani badala yake.

Hiyo ya kunyunyiza ndiyo dawa kuu ya aleji ya pua inayosumbua kwa muda mrefu. Ni steroidi pia, lakini kipimo chake ni kidogo na kazi yake inaishia puani. Majina ya kawaida ni budesonide, beclometasone na fluticasone. Haifanyi kazi siku ya kwanza: inahitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, na itumike kila siku. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema ni maji tu. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, usiuelekeze kwenye ukuta wa katikati ya pua, maana ukuta huo ukipigwa kila siku hutoa damu.

Matone ya kuzibua pua haraka ni kitu kingine. Yanazibua kwa dakika chache, lakini ukiyatumia zaidi ya siku tatu hadi tano pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Vidonge vya aleji vya zamani, chlorpheniramine, vinasaidia chafya na muwasho ila vinaleta usingizi. Mwendesha bodaboda asivimeze kisha akapanda pikipiki. Cetirizine na loratadine hulevya kidogo zaidi, yaani usingizi wake ni mdogo, na dozi ya mtu mzima kwa kawaida ni mara moja kwa siku.

Kuna na yanayofanyika nyumbani. Kujifukiza kwa mvuke kunatuliza kwa muda, lakini sufuria ya maji yanayochemka na mtoto chini ya shuka moja ni ajali inayosubiri. Samli au mafuta yasidondoshwe kwenye pua ya mtoto mchanga, kwani huteremka hadi kwenye mapafu na kuyaumiza. Na kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, hakuponyi kikohozi wala pua. Kikohozi cha mtoto mwenye aleji hutokana na ute unaotiririka nyuma ya koo. Wembe hauuzuii ute huo, ila unaweza kuleta damu isiyokoma na pepopunda.

Maji ya chumvi

Dawa hii haina duka. Chukua kikombe kimoja cha maji, kama robo lita, yaliyochemka kwa nguvu dakika moja au zaidi kisha yakapoa hadi kuwa vuguvugu. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida, koroga iyeyuke. Usitumie magadi ya ziwani wala chumvi ya mifugo. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, kisha mimina taratibu kwenye tundu la juu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa chupa safi ya kubinya. Maji yatatokea tundu la pili. Penga kwa upole, usibane pua zote mbili. Mara moja au mbili kwa siku, hasa jioni baada ya vumbi. Mtoto mdogo anatosha kutiwa matone machache.

Kuchemsha si jambo la kuruka, hata kama maji unayanywa hivyo hivyo. Katika maji ya uvuguvugu ya mabwawa na matangi huweza kuishi amiba mmoja asiyedhuru akinywewa, ila akipandishwa puani huingia kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni ugonjwa adimu sana. Mjini Karachi, Pakistan, umewaua watu ambao hawakuogelea popote, na maafisa wa afya huko wamewashauri waumini watumie maji yaliyochemshwa kwa kupandisha puani wanapotawadha. Wasikilizaji wetu Waislamu wanaochota maji kwenye silanga kiangazi wanaweza kuweka birika dogo la maji yaliyochemshwa kwa sehemu hiyo ya udhu.

Tunajua kuni zina bei na dumu la maji lina bei. Kikombe kimoja kinaweza kuchemshwa pamoja na chai ya jioni, kabla ya kutia majani.

Usikae nyumbani ukiona haya

Uvimbe au wekundu kuzunguka jicho, jicho kusukumwa nje, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma vikali pamoja na shingo kukaza, au mgonjwa kuchanganyikiwa: hapo tafuta gari, hata kama ni usiku. Kuna pia uvimbe unaokuja polepole, bila homa, ukijaza shavu au kusukuma jicho kwa miezi. Sudan wanaufahamu vizuri, unaletwa na ukungu unaoota ndani ya sainasi katika nchi kavu za vumbi, na unahitaji upasuaji na dawa za ukungu. Mtoto anayetoa kamasi yenye harufu mbaya tundu moja tu, mara nyingi ameingiza harage au shanga. Kifua kinachopiga filimbi ni dalili ya pumu na kinahitaji dawa yake. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hata kama una hakika ni aleji.

Dawa iko wapi

Huduma za afya ziko chini ya kaunti tangu 2013. Tangu 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na kwa utaratibu wake aliyejisajili anapaswa kutibiwa bila malipo katika zahanati na kituo cha afya. Lakini kutibiwa bure mahali ambapo dawa inayofaa haipo ni kuandikiwa karatasi ya kwenda nayo dukani, na dukani unarudi kwenye antibiotiki na sindano. Orodha ya dawa muhimu kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani ina budesonide ya kunyunyiza puani. Haihesabiwi kuwa anasa ya hospitali za Nairobi. Hata hivyo ukiuliza katika zahanati zetu, utakachopewa mara nyingi ni chlorpheniramine.

Zahanati hupata kile ambacho kaunti imeagiza na kulipia, na kinachoagizwa hufuata takwimu za magonjwa zinazopelekwa juu. Pua iliyoandikwa kwenye daftari kama maambukizi ya njia ya hewa itaagiziwa antibiotiki mwaka ujao. Kwa hiyo ukiwa mbele ya mhudumu, mwambie ni muda gani umeumwa, mwambie kwamba inawasha, mwambie ilianza lini, ili aandike aleji kama ni aleji. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumbani nao waulizwe na waelezwe, kwani ripoti zao zinafika juu.

Mpango wa matumizi wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo huitwa vikao vya maoni ya umma, na matangazo yake sisi huyasoma hapa. Mara nyingi watu husimama na kusema wanataka dawa, na kwenye kumbukumbu panaandikwa neno dawa. Ukisimama, taja kwa jina: dawa ya pua ya kunyunyiza ya budesonide au beclometasone, na vidonge vya cetirizine, katika kila zahanati ya wadi yenu. Kisha taja shule na zahanati ambazo ukuta wake umezingirwa na mathenge, uombe kikao kiandike majina yake pia.